Mng'aro wa maji una mwelekeo

Majira ya saa tatu asubuhi, abiria wanaovuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni hugeuzia mgongo upande wa jua. Maji ya upande ule hayatazamiki. Aliyevaa miwani nyeusi ya kawaida anapata nafuu ya macho, lakini akitafuta kuona chini ya uso wa maji haoni kitu, kwa sababu miwani yake imefifisha vyote kwa pamoja: mng'aro na vilivyomo majini. Jirani yake mwenye miwani ya polaroid, ambayo pengine hata si nyeusi kiasi hicho, anaiona kamba ya boya inavyozama na mwani unavyoyumba ubavuni mwa chombo.

Wengi hudhani miwani ya pili ina weusi ulio bora zaidi. Sivyo. Inachofanya ni kuchagua, na inaweza kuchagua kwa sababu maji yenyewe yametangulia kuupanga mwanga: aina moja yameirudisha juu kwa wingi, aina nyingine yameiacha ipite kwenda chini. Ukishauelewa upangaji huo unajua ni saa ngapi, kwa pembe gani na juu ya nyuso zipi miwani hiyo itakufaa, na ni wapi utakuwa umelipia kitu kisichokusaidia.

Mtikisiko unaokingama

Mwanga ni wimbi. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell, Mskoti, alionyesha kuwa ni wimbi la umeme na sumaku. Mawimbi ya redio ni ndugu zake, tofauti yao ikiwa urefu wa wimbi tu. Kinachotikisika ni uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inafanya kazi, pamoja na uga wa sumaku unaoambatana nao, na jambo la kushika hapa ni kwamba mtikisiko huo haufuati safari ya mwanga mbele na nyuma, kama ilivyo kwa sauti hewani. Unakingama nayo. Mwale unaokujia moja kwa moja kutoka kwenye taa unaweza kutikisika juu na chini, au kushoto na kulia, au kwa mshazari wowote ulio kati ya hizo, lakini hautikisiki kwa kukujia wala kwa kukukimbia.

Mwanga wa jua, wa balbu na wa mshumaa umechanganyika. Atomu moja haisubiri nyingine, na mwelekeo wa mtikisiko hubadilika ovyo mara nyingi mno kabla hujapepesa jicho. Jicho la binadamu kwa kawaida halitambui tofauti yoyote; kwetu sisi mtikisiko wa wima na wa mlalo ni mwanga uleule. Mwanga ambao mtikisiko wake umebaki kwenye mwelekeo mmoja tu huitwa mwanga uliopolarishwa. Ukiegemea mwelekeo mmoja bila kuuacha kabisa mwingine, umepolarishwa kwa sehemu, na mwanga wa namna hii ya pili ndio unaotuzunguka mjini kutwa nzima.

Mwale unapofika juu ya maji tunaweza kuugawa kwa hesabu katika sehemu mbili. Ya kwanza inatikisika sambamba na uso wa maji, tuiite mlalo. Ya pili inatikisika ndani ya ukuta wa kufikirika uliosimama juu ya maji, ukuta unaobeba mwale unaoingia na ule unaorudi. Tuiite wima, ingawa kwa kweli huinama kadiri mwale unavyoinama. Mwanga wa jua una nusu ya hii na nusu ya ile. Uso wa maji hauzipokei sehemu hizo mbili kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha yote yanayofuata.

Mita 3 juu, mita 4 mbele

Simama gatini mahali ambapo macho yako yapo mita 3 juu ya maji yaliyotulia, kisha tazama maji yaliyo mita 4 mbele ya pale ulipo. Kwa pembe hiyo sehemu ya wima hairudi. Hairudi hata kidogo. Mng'aro wote unaoonekana pale ni mtikisiko wa mlalo mtupu.

Namba hizo hazikuja kwa bahati. Ndani ya maji mwanga huenda kwa karibu robo tatu ya mwendo wake wa hewani, na uwiano huo ndio unaoyapa maji namba yao ya kupinda, 1.33, yaani 4 kwa 3. Kanuni ni hii: simamisha mstari wima juu ya uso wa maji, pima pembe iliyo kati ya mstari huo na mwale. Tanjenti ya pembe hiyo ikilingana na namba ya kupinda, sehemu ya wima inatoweka katika mwanga unaorudi. Kwa maji tanjenti ni 4/3 na pembe ni nyuzi 53. Aliyesoma hesabu za sekondari ataitambua pembetatu ya 3, 4 na 5 iliyojificha humo. Kioo cha dirisha, chenye namba ya kupinda 1.5, pembe yake ni nyuzi 56, na vipimo vya gatini vinageuka kuwa 2 juu kwa 3 mbele.

Hilo linapimika nyumbani jioni. Tandika kitambaa cheusi mezani, weka kipande cha kioo cha dirisha juu yake. Upande mmoja weka taa ndogo iliyo sentimita 40 juu ya meza na sentimita 60 kutoka katikati ya kioo. Upande wa pili weka jicho lako kwa vipimo vilevile. Utaiona taswira ya taa katikati ya kioo. Vaa miwani ya polaroid, na taswira inafifia hadi karibu kwisha. Sasa laza kichwa mpaka sikio likaribie bega: taswira inarudi, kali kabisa, kana kwamba mtu amewasha taa upya. Nyanyua kichwa, kisha inuka polepole kutoka kwenye kiti huku ukiifuata taswira, nayo inaanza tena kupenya kidogo kidogo kwa sababu umeiacha ile pembe. Kioo kina nyuso mbili, ya juu na ya chini, na zote mbili hunyamaza kwa pamoja, maana mwale ulioingia kwa pembe sahihi juu huufikia uso wa chini nao kwa pembe yake sahihi.

Kinachorudi si kingi kama macho yanavyodai. Kwa pembe hizo kioo hurudisha asilimia 15 hivi ya sehemu ya mlalo, na maji asilimia 8 hivi tu. Ila jua ni kali mno, na hizo asilimia chache zinatosha kufunika kila kilichopo chini.

Kuhusu saa, taswira ya jua juu ya maji tulivu huangukia pembe hii pale jua linapokuwa nyuzi 37 juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwetu hilo hutokea kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, na tena kati ya saa tisa na robo na saa kumi na robo alasiri, kutegemea mwezi wa mwaka. Saa sita mchana jua likiwa karibu na utosi, taswira yake hurudi juu karibu wima, asilimia 2 tu ya mwanga wake, na hakuna upangaji wowote uliofanyika. Lakini maji hayaakisi jua peke yake. Yanaakisi anga lote, hata siku ya mawingu, na ule weupe wa anga juu ya maji ndio unaomzuia mvuvi kuona chini. Kwa hiyo kipimo cha mita 3 kwa 4 kina faida saa yoyote ya mchana, hata kama jua lenyewe liko pengine.

Bahari nayo haitulii kama kioo cha mezani. Kila kiwimbi kina mwinamo wake, hivyo kila kimoja kinauelekeza mwanga kwako kwa pembe tofauti. Ndiyo maana pale Coco Beach, upepo ukishaanza kuvuma, miwani hupunguza vimeta bila kuvimaliza.

Madirisha ya kasri la Luxembourg

Aliyeligundua jambo hili alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Étienne-Louis Malus, aliyefuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798 na kurudi kwao akiwa na afya iliyoharibika. Mwaka 1808, akiwa Paris, aliielekeza fuwele ya kalisaiti kwenye jua la jioni lililokuwa likiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Fuwele za aina hiyo, zilizotoka Iceland, zilikuwa zikijulikana tangu mwaka 1669, Rasmus Bartholin wa Denmark alipoandika kuwa ukitazama kitu kupitia kwake unaona taswira mbili. Malus naye aliona jua mbili dirishani. Alipoizungusha fuwele, jua moja lilififia na jingine likakoza; alipoendelea kuizungusha, zikabadilishana.

Hadi siku hiyo wataalamu walikuwa wakiamini kuwa mwanga wenye tabia hiyo huzaliwa ndani ya fuwele tu. Kumbe hata kioo cha kawaida cha dirisha kinautengeneza, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo kwa sababu macho matupu hayawezi kuliona. Malus alichapisha matokeo yake mwaka 1809, akafariki mwaka 1812 akiwa na miaka 36.

Hakuwahi kupata uhusiano kati ya pembe na aina ya kitu kinachoakisi. Aliyeupata ni David Brewster, Mskoti mwingine, aliyepima vitu vingi vyenye kupitisha mwanga, kimoja baada ya kingine, na mwaka 1815 akatangaza ile kanuni ya tanjenti. Ndiyo maana pembe hiyo huitwa pembe ya Brewster hadi leo. Bado lakini hakuna aliyeweza kusema kwa nini iwe hivyo. Malus aliamini mwanga ni vipande vidogo vyenye pande tofauti. Waliosema ni wimbi nao walikuwa wakilifikiria kama wimbi la sauti, na wimbi la namna hiyo haliwezi kuwa na wima na mlalo. Augustin Fresnel ndiye aliyepiga hatua ya kukubali, mwaka 1821, kwamba mtikisiko wa mwanga unakingama na safari yake, kisha akatoa milinganyo inayosema uso wowote laini utarudisha kiasi gani cha kila sehemu kwa kila pembe. Asilimia zote zilizomo katika makala haya zinatoka kwenye milinganyo hiyo. Mimi huuona huu kuwa mmoja wa ushindi mkubwa wa fizikia: mwako wa jioni kwenye madirisha uliwalazimisha watu kubadili walichoamini kuhusu mwanga wenyewe.

Kwa nini sehemu ya wima inakosa njia

Uga wa mwanga ukiingia majini unazitikisa elektroni za molekuli za maji. Elektroni inayotikiswa nayo hutoa mwanga. Mwanga wote unaorudi kutoka kwenye uso wa maji umezaliwa kwa njia hiyo: ni jumla ya mwanga wa elektroni zisizohesabika zilizotikiswa na mwale uliopinda kuingia ndani.

Elektroni inayokwenda huku na huku kwenye mstari mmoja ni antena ndogo. Waliowahi kupanda juu ya paa kurekebisha antena ya televisheni, kabla ya ving'amuzi, wanakumbuka kuwa vile vijiti vilitakiwa vikingame na njia ya mawimbi yanayotoka mnarani. Kijiti kikielekeza ncha yake mnarani, picha inajaa chenga. Antena hurusha na kupokea kwa ubavu wake. Kwa upande wa ncha hairushi wala haipokei kitu. Elektroni iliyomo majini inafuata sheria hiyohiyo.

Sasa tazama zile sehemu mbili. Elektroni zinatikisika kwa kukingama na mwale uliopinda. Kwa sehemu ya mlalo, mtikisiko upo sambamba na uso wa maji, na mwale unaorudi siku zote unatokea ubavuni mwake, kwa hiyo unarushwa bila kizuizi. Kwa sehemu ya wima, mtikisiko upo ndani ya ule ukuta wa kufikirika pamoja na miale yenyewe. Pembe ikibadilika, ncha ya mtikisiko huo inageuka kuelekea kule ambako mwale unaorudi unataka kwenda. Mwale uliopinda na mwale unaorudi vikifanya kati yao pembe mraba, nyuzi 90 kamili, ncha imeelekea kulekule hasa. Elektroni bado zinatikisika, ila upande huo hazirushi chochote.

Kwa maji, mwale unarudi kwa nyuzi 53 na uliopinda unashuka kwa nyuzi 37. Jumlisha: 90. Ukiweka sharti hilo ndani ya kanuni ya kupinda kwa mwanga inayofundishwa sekondari, tanjenti ya Brewster inajitokeza kwenye mstari wa pili wa hesabu.

Mwanga ulioingia ndani

Maelezo mengi huishia kwenye mwanga unaorudi, na hapo naona msomaji anapunjwa. Mwanga uliopinda kuingia majini au kwenye kioo nao umepangwa. Kwa pembe ya Brewster sehemu ya wima inaingia yote, asilimia 100, wakati ya mlalo imepoteza kile kilichorudi. Kwa hiyo mwanga wa ndani unaegemea wima. Egemeo lenyewe ni dogo: kwenye uso mmoja wa kioo, kiwango cha kupolarishwa kwa mwanga ulioingia ni asilimia 8 tu. Ndiyo sababu huwezi kuligundua ukikaa sebuleni na kutazama nje.

Dogo likirudiwa linakuwa kubwa. Kwa fundi vioo utakuta vipande vimepangwa vikiegemea ukuta, kimoja juu ya kingine. Chukua kumi vilivyo safi, viinamishe ili mwanga uingie kwa nyuzi 56, na kila uso utapunguza sehemu ya mlalo tena. Zipo nyuso ishirini. Hata ukihesabu mwanga unaorudi-rudi katikati ya vipande, upande wa pili inatoka kama asilimia 22 ya sehemu ya mlalo, huku ya wima ikipita karibu yote. Kabla ya kupatikana kwa karatasi za plastiki za kuchuja, rundo la vioo lilikuwa kifaa halali cha maabara. Leza nyingi za gesi hadi leo zina vidirisha vilivyoinamishwa kwa pembe ya Brewster, ili mwanga wa wima uende na kurudi ndani ya mrija bila kupungua.

Na hapa ndipo uakisi na kupinda vinapokutana kwa ajili ya mvuvi. Mwanga unaotoka kwa samaki kuja juu unaufikia uso wa maji kutoka chini. Ukifika kwa nyuzi 37 unatoka hewani kwa nyuzi 53, pembe zilezile zikiwa zimebadilishana nafasi, na sehemu yake ya wima inapita yote bila kurudishwa chini hata chembe. Basi mtu aliyesimama kwenye ngalawa ng'ambo ya Msasani, akatazama kwa mwinamo huo akiwa na miwani inayozuia mlalo na kupitisha wima, anapata mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Mng'aro wa juu unaondolewa wote kwa sababu ni mlalo mtupu, na sehemu ya mwanga wa samaki inayopita kwenye miwani ni ileile ambayo uso wa maji haukuipunguza. Kupinda kwenyewe hakuondoki. Samaki aliye mita 1 chini ataendelea kuonekana yuko karibu sentimita 75 ukimtazama kutoka juu wima, na juujuu zaidi ukimtazama kwa mshazari, kwa hiyo anayetumia mkuki bado atalenga chini ya pale anapomwona.

Barabarani

Lami iliyolowa ni maji yaliyotandazwa. Mvua ikikatika na jua likatoka, mng'aro wa barabara unakuwa wa mlalo kwa sehemu kubwa, na dereva mwenye miwani sahihi anaiona mistari na mashimo vizuri. Vivyo hivyo karatasi iliyoachwa juu ya dashibodi: taswira yake kwenye kioo cha mbele, ambacho kimelala kwa mwinamo mkubwa, inatulia sana ukivaa miwani.

Jioni mambo hubadilika. Ukielekea Kimara kwa barabara ya Morogoro karibu na saa kumi na mbili, jua likiwa nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho, lami yenye maji hurudisha kama asilimia 46 ya sehemu ya mlalo na asilimia 24 ya wima. Miwani ikizuia mlalo wote, bado theluthi ya mng'aro inakufikia, na huo ni mng'aro mzito kuliko wa mchana. Jua lenyewe likikupiga machoni moja kwa moja halijapolarishwa hata kidogo, na hapo miwani inakupunguzia nusu tu pamoja na weusi wake. Usiongeze mwendo kwa kuitegemea.

Mabati mapya ni habari nyingine. Metali zina elektroni zinazotembea huru, na hazina pembe inayofuta sehemu ya wima. Mwanga unaorudi kutoka kwenye bati jipya la Tandale au Manzese umepangwa kidogo tu, kwa hiyo miwani ya polaroid haifanyi zaidi ya miwani nyeusi yoyote. Rangi ya gari inang'aa kwa sababu ya vanishi iliyo juu yake, na vanishi hupanga mwanga kama kioo.

Wapo viumbe wanaouona mpango huu bila miwani. Macho ya kereng'ende na wadudu wengine wengi wanaotaga majini hutambua mwanga uliopolarishwa kwa mlalo, na kwao hiyo ndiyo alama ya maji. Wataalamu wa Hungaria, akiwemo Gábor Horváth, walionyesha mwaka 1998 kuwa wadudu fulani wa mtoni hutaga mayai yao kwenye lami kavu kwa kuwa lami nyeusi hupolarisha mwanga kuliko hata maji ya mto wao. Ukiona kereng'ende anagusa-gusa mkia wake kwenye boneti ya gari jeusi au jekundu lililoegeshwa juani, anataga. Mayai hayo hayana maisha, na katika mji unaozidi kujaa lami na magari yanayong'aa, hasara hiyo naiona si ndogo.

Watu huuliza pia kuhusu yale madoa ya mpangilio yanayojitokeza kwenye kioo cha nyuma cha gari lililo mbele. Kioo hicho hupashwa moto kisha kupozwa ghafla kwa hewa ili kiwe kigumu, na sehemu zilizopozwa kwa kasi tofauti zimebaki na mkazo tofauti ndani yake. Mkazo huo unageuza mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga unaopita, na miwani inaufanya uonekane. Kioo hakina ubovu wowote.

Unaponunua Kariakoo

Karatasi inayochuja mwanga ndani ya miwani hii ilitokana na kazi ya Edwin Land wa Marekani, aliyeanza kuomba hataza mwaka 1929 na kufikia mwaka 1938 akawa na aina inayotumika hadi sasa: plastiki iliyovutwa mpaka molekuli zake ndefu zikalala upande mmoja, kisha ikanyweshwa iodini. Elektroni zinaweza kukimbia kufuata urefu wa molekuli hizo, kwa hiyo mtikisiko ulio sambamba nazo humezwa na ule unaozikingama hupita. Kwenye miwani molekuli zimelazwa kwa mlalo, ili zimeze mlalo.

Muuzaji atakwambia, "Hii polaroid kabisa bosi, jaribu mwenyewe," na kukupa kadi yenye picha inayoonekana ukivaa miwani tu. Kadi hiyo ni jaribio la kweli mradi uilaze na kuisimamisha: picha lazima ije na kupotea. Jaribio ninaloliamini zaidi ni kalkuleta ya dukani. Kioo chake hutoa mwanga uliopolarishwa tayari. Shika miwani mbele yake na uizungushe taratibu nusu mzunguko. Mahali fulani tarakimu na kioo chote vitakuwa giza. Mashine nyingi za mafuta pale sheli hufanya vivyo hivyo ukilaza kichwa. Simu si shahidi mzuri, kwa sababu baadhi zimewekewa utando unaovuruga mpangilio ili mwenye miwani aweze kusoma. Na kama kuna miwani mbili za aina hiyohiyo, pishanisha vioo vyake kwa pembe mraba: visipoziba mwanga, angalau kimoja si polaroid.

Kisha hakikisha upande. Simama mbele ya marumaru inayong'aa au boneti ya gari, tazama mng'aro kwa mwinamo, uvae miwani ukiwa wima. Mng'aro ufifie kichwa kikiwa kimesimama na uzidi ukikilaza. Ikiwa ni kinyume, karatasi ndani imekatwa vibaya, na miwani hiyo itakuongezea uzito wa mng'aro badala ya kukupunguzia.

Kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno ni jambo jingine kabisa. Kioo kinaweza kuchuja mlalo vizuri na kuiacha mionzi hiyo ipite, na weusi wa kioo humfanya mboni apanuke na kuipokea zaidi. Itafute kando alama ya UV400, inayoonyesha kuwa kioo kinazuia mionzi hiyo, na kama mtaalamu wa macho aliye karibu ana kipima mionzi, mpe miwani aipime kabla hujaizoea.